Uga maalumu
nm [u-/zi-], wingi: nyuga maalumu

Maana: Nafasi ya kujazia taarifa ambayo msimamizi wa programu ya kufuatilia miradi huiongeza juu ya zile zilizokuja na programu yenyewe.

Mfano: Nyuga maalumu za timu ya uhasibu zimepunguzwa kutoka kumi hadi nne.

Matumizi: Uga mmoja waweza kuhudumia timu nyingi. Katika Jira, uga huwekewa muktadha: kila mradi hupata orodha yake ya machaguo na thamani yake ya awali, ilhali jina la uga halibadiliki. Hivyo uga "Aina ya kazi" huwapa wafasiri "kutafsiri" na "kuhariri", na wahasibu "malipo" na "ukaguzi". Kila timu ikijiundia uga wake, ni vigumu kujumlisha taarifa za miradi yote.

Tanbihi: Wapo wanaotumia "sehemu" badala ya uga. Si kosa la sarufi, lakini neno hilo hilo hutumiwa pia kutaja kijenzi cha mradi; msomaji akiambiwa "chagua sehemu", hajui ipi. Ni bora kutenga maneno matatu: uga kwa nafasi, thamani kwa kinachojazwa, muktadha kwa mipaka ya matumizi yake.