Ugali hushibisha, lakini haujengi mwili peke yake

MKOA wa Ruvuma, ambao makao yake makuu ni Songea, ni miongoni mwa mikoa inayotegemewa kulilisha Taifa kwa mahindi. Hata hivyo, Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulibaini kuwa takribani asilimia 36 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani humo walikuwa wamedumaa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Maradhi ya mara kwa mara huchangia hali hiyo, lakini sehemu kubwa ya jibu imo katika namna mwili unavyokitumia chakula.

Wanga wa ugali huanza kumeng'enywa kinywani kwa mate, na kazi hiyo hukamilika katika utumbo mwembamba, ambako hugeuka glukosi na kuingia katika damu. Kongosho hutoa insulini, homoni inayoiwezesha misuli kuipokea sukari hiyo. Inayozidi huwekwa akiba kwenye ini na misuli. Ikizidi tena hugeuzwa mafuta. Ndani ya seli, glukosi huunguzwa kwa oksijeni na kutoa nguvu, maji na hewa ya ukaa. Gramu 1 ya wanga hutoa takribani kilokalori 4, sawa na protini, ilhali mafuta hutoa 9.

Lakini moto huo hauwaki kwa kuni tu. Seli huhitaji vitamini za kundi B, ambazo kwa sehemu kubwa huondoka na pumba na kiini mahindi yanapokobolewa kupata sembe. Dona huzibakiza nyingi. Madini ya chuma nayo huiwezesha damu kusafirisha oksijeni, ndiyo maana mwenye upungufu wa damu huchoka hata akiwa ameshiba.

Kwa mtoto jambo hili ni zito zaidi. Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, mojawapo ya asidi amino ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza. Maharage, yanayolimwa mkoani humohumo, yanayo kwa wingi, na vivyo hivyo dagaa wa Ziwa Nyasa. Uji mwepesi huongeza tatizo, kwani tumbo dogo la mtoto hujaa maji kabla hajapata nguvu za kutosha. Karanga zilizosagwa au kijiko cha mafuta huziongeza bila kuongeza ujazo. Kipindi nyeti zaidi ni siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba kutungwa hadi mtoto kutimiza miaka miwili. Kimo kilichopotea humo ni vigumu kukirudisha baadaye.