Farasi Aliyepumzishwa Majira ya Baridi

Katika nchi za baridi iko desturi ya zamani ambayo mtu wa kwetu akiisikia kwa mara ya kwanza hudhani ni ukatili. Farasi aliyeanza kuchechemea, ambaye viungo vya miguu yake vimekakamaa kwa kazi na vinamuuma, huvuliwa viatu vya chuma na kuachiwa malishoni miezi yote ya majira ya baridi, penye upepo, mvua na hata theluji. Hafungiwi katika banda lenye joto. Ifikapo Machi au Aprili hutazamwa upya jinsi anavyotembea, ndipo huamuliwa kama atarudi kazini au la.

Nilipokuwa masomoni Uingereza mwaka 1981 niliwaona farasi wa namna hiyo katika shamba lililokuwa jirani na nyumba tuliyopanga. Nilimwuliza mwenye shamba, mzee wa makamo yangu ya sasa, kwa nini asiwaingize ndani. Alinijibu kwa subira, kama mwalimu anayemjibu mwanafunzi wa darasa la kwanza. Manyoya yao, alisema, hurefuka yenyewe baridi inapokaribia. Na tumbo la farasi lililojaa nyasi kavu ni sawasawa na jiko lililowashwa. Lisilomfaa farasi mwenye viungo vibovu ni kusimama. Akisimama bandani usiku na mchana, miguu huvimba na viungo vikakaza zaidi. Yeye mwenyewe hakuiogopa baridi. Aliogopa matope yaliyoganda baada ya kukanyagwa, kwa kuwa huwa magumu kama mawe yenye makali, na hapo mguu mbovu huteguka kwa urahisi.

Miaka mingi baadaye daktari alinieleza habari za goti langu, nikamkumbuka yule mzee. Gegedu, ile nyama laini ngumu inayofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo, haina mishipa ya damu. Chakula chake hutoka katika ute wa kiungo, na ute huo husukumwa na mwendo. Ndiyo maana farasi anayetembea polepole siku nzima, akitafuta majani hapa na pale bila mtu mgongoni, hupata nafuu ambayo yule wa bandani haipati. Baridi yabisi haiponi kabisa, lakini maumivu hupungua, na mara nyingine viungo vidogo vya chini ya goti la nyuma hushikamana vikawa kitu kimoja, uchungu ukaisha.

Waganga wa farasi wa zamani hawakuyajua hayo, wala siwalaumu. Shule ya kwanza ya tiba ya mifugo huko Ulaya ilianzishwa Lyon, Ufaransa, mwaka 1761, na ya London ikafuata mwaka 1791. Kabla ya hapo, na kwa muda mrefu baada ya hapo, dawa kubwa ya mguu mbovu ilikuwa chuma cha moto. Farasi alichomwa mistari juu ya kiungo au juu ya kano, kisha, kwa sababu hakuweza tena kufanya kazi akiwa na majeraha yale, aliachwa malishoni kwa miezi mingi. Akirudi anatembea vizuri, sifa zote zilikwenda kwa chuma! Nilipokuwa nikifundisha historia katika chuo cha ualimu niliutumia mfano huu mara kwa mara, maana wanafunzi wangu wengi waliamini kwamba jambo linalotangulia ndilo linalosababisha linalofuata. Mwaka 1983 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya majeraha ya kano za farasi, nao hawakuona faida yoyote ya kuchoma. Mganga alikuwa ni yale mapumziko.

Lakini mapumziko yana gharama, na hapa ndipo penye historia inayonigusa zaidi. Mwaka 1877 ilitoka riwaya ya Anna Sewell iitwayo Black Beauty, ambayo wengi wetu tuliisoma shuleni katika toleo lililorahisishwa. Tulidhani ni kitabu cha watoto. Sivyo, mwandishi aliwakusudia watu wanaofanya kazi na farasi. Yeye mwenyewe alikuwa kiguu. Akiwa na miaka 14 alianguka akaumia vifundo vya miguu, na tangu hapo hakuweza kusimama wala kutembea kwa muda mrefu, hata akategemea magari ya farasi maisha yake yote. Alifariki mwaka 1878, miezi michache tu baada ya kitabu kutoka.

Karibu na mwisho wa kitabu, farasi huyo, akiwa amechakaa kwa kazi ya gari la kukodi mjini London, anaanguka barabarani akivuta gari lililojaa watu na mizigo. Mtaalamu anashauri kwamba akipumzishwa miezi sita atafaa tena. Tajiri wake, Skinner, anakataa: yeye hana malisho ya kuuguzia farasi, huwatumikisha hadi wanaposhindwa, kisha huwauza kwa chochote kitakachopatikana. Kwetu maneno ya Skinner yana ufupi wake: afe punda, mzigo ufike. Farasi anauzwa mnadani kwa pauni tano. Mkulima mmoja mzee, kwa kubembelezwa na mjukuu wake, anamnunua, anamwachia malishoni mchana na kumpa nyasi kavu na nafaka asubuhi na jioni, na katika majira hayo ya baridi miguu yake inanyooka.

Skinner ni mbaya, naam. Lakini vipi yule dereva maskini mwenye farasi mmoja tu? Farasi wake akipumzika miezi sita, watoto watakula nini? Swali hilo Ann Lindo, aliyeguswa na kitabu hicho, alilitafutia jibu la vitendo. Mwaka 1886 alianzisha nyumba ya mapumziko ya farasi huko Sudbury, karibu na Harrow, kwa ajili ya farasi na punda wa watu wenye kipato kidogo. Malipo yalikuwa madogo, na mwenye mnyama aliyekuwa maskini aliweza kuazimwa farasi mwingine wa kufanyia kazi wakati wake akipumzika. Katika historia yote ya wema kwa wanyama niliyoisoma sijaona wazo lenye akili kuliko hilo la kuazima. Wahubiri wa huruma walikuwa wengi siku zile. Waliomfikiria mwenye farasi pamoja na farasi wake walikuwa wachache.

Magari ya kukodi ya farasi yalitoweka London, ila nyumba ile haikufa. Ilihama mara kadhaa, na leo iko Buckinghamshire kwa jina la The Horse Trust. Wengi wa wakazi wake ni farasi waliostaafu jeshini na polisi, nao hawaazimiwi mtu mbadala, kwa kuwa hawarudi kazini tena.