Wajibu wa Uangalifu: Kampuni Mama Mbele ya Sheria

Mgodi ukichafua mto, kampuni inayobanwa kwanza ni ile iliyosajiliwa nchini, yaani kampuni tanzu. Kampuni mama, inayomiliki hisa na kupokea gawio, iko ng'ambo na kinga yake ni kubwa: kisheria kila kampuni ni mtu kamili peke yake, na deni la tanzu si deni la mama.

Istilahi inayowapa wadai njia ni wajibu wa uangalifu, kwa Kiingereza "duty of care". Yeyote anayeweza kuona mapema kwamba vitendo vyake vitawadhuru walio karibu navyo hulazimika kuchukua hadhari. Akizembea wakaumia, atalipa fidia. Kwa hoja hii kampuni mama hujibu uzembe wake yenyewe, haibebeshwi wa tanzu.

Mwaka 2015 wanavijiji 1,826 wa eneo la Chingola, Zambia, waliishtaki jijini London kampuni ya Vedanta Resources pamoja na tanzu yake, Konkola Copper Mines. Walidai kwamba maji yenye sumu kutoka mgodi wa shaba wa Nchanga yaliharibu mito wanayotegemea kwa kunywa na kumwagilia mashamba. Tarehe 10 Aprili 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliruhusu shauri lisikilizwe huko. Majaji walizitazama ripoti za Vedanta yenyewe, ambamo ilitangaza kwamba huweka viwango vya mazingira kwa migodi ya tanzu zake, hutoa mafunzo na hufuatilia utekelezaji. Maneno hayo yalitosha kuifanya hoja ya wanavijiji istahili kusikilizwa. Januari 2021 pande mbili zilipatana nje ya mahakama, kampuni bila kukiri kosa.

Hapa ndipo tafsiri inapohitaji umakini. "Wajibu wa kujali" unaleta huruma, na sheria haidai huruma. "Wajibu wa kutunza" unamfaa mlezi. "Wajibu wa uangalizi" unachanganya mambo mawili: uangalizi ni kusimamia, uangalifu ni kujihadhari usidhuru. Katika shauri la Chingola uangalizi ulikuwa ushahidi, na uangalifu ndio uliodaiwa. Aliyejitwika uangalizi anadaiwa uangalifu.

Katika kuzibana kampuni mama, Ufaransa imekwenda mbele zaidi. Sheria yake ya 2017 inazitaka kampuni kubwa zichapishe na kutekeleza mpango wa kuzuia madhara kwa watu na mazingira, hadi kwa tanzu na wagavi wao. Mwaka 2019 mashirika ya Uganda na Ufaransa yaliitumia kuishtaki kampuni ya mafuta ya Total kuhusu mradi wa mafuta wa Tilenga na bomba la kutoka Hoima hadi Tanga. Februari 2023 mahakama ya Paris ilikataa kulipokea shauri hilo kwa sababu za utaratibu.

Wanasheria, waandishi na wafasiri wetu wailinde tofauti hii ya uangalizi na uangalifu. Mwananchi aliyedhurika aulize kwanza nani alikuwa akisimamia. Akigundua ni kampuni mama, hiyo ndiyo ya kudaiwa.