Chimbuko la Riwaya Nyepesi za Wanawake

Riwaya nyepesi ya wanawake, yaani ile inayosimulia kwa mzaha mapenzi na urafiki wa wanawake wa mjini, ilivuma Uingereza baada ya gazeti la The Independent kuanza kuchapisha, mwaka 1995, safu ya Helen Fielding iliyoandikwa kama shajara ya mwanamke wa kubuni, Bridget Jones. Shajara hiyo hufungua siku kwa hesabu ya uzito wa mwili, vileo vilivyonywewa na sigara zilizovutwa, na humo ndimo kilimo kichekesho, kwa kuwa mhusika huapa kujirekebisha, kisha hesabu zake mwenyewe zikamsuta. Safu ilizaa kitabu mwaka 1996, ambacho kiunzi chake cha mapenzi kilitokana waziwazi na Pride and Prejudice ya Jane Austen ya mwaka 1813, hata jina la mwanamume apendwaye, Darcy, likabaki lilelile. Hata hivyo, si haki kuipa London sifa yote, kwani Mmarekani Terry McMillan alikwisha kutoa Waiting to Exhale mwaka 1992, kisa cha marafiki wanne wa mjini Phoenix ambao maishani mwao wanaume huja na kuondoka, ilhali wao hubaki pamoja. Wahakiki kadhaa walizidharau riwaya za aina hii; wasomaji walizinunua kwa mamilioni.