Seliaki: Ugonjwa unaomlazimu mtu kuacha ngano maisha yote

SELIAKI ni ugonjwa wa kudumu unaowapata watu wenye vinasaba fulani wanapokula gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Ndiyo inayoufanya unga wa chapati uvutike unapokandwa. Kinga ya mwili wa mgonjwa huiona protini hiyo kuwa ni adui, na katika kuipiga vita huushambulia utumbo mwembamba wenyewe.

Kinachoharibika ni vijinyweleo vya ukuta wa utumbo vinavyofyonza virutubisho. Vikishabapa, mtu hula akashiba, lakini mwili ukabaki na njaa. Mtoto huharisha mfululizo, tumbo likavimba na kimo kikadumaa. Mtu mzima huenda asiharishe kabisa, bali akasumbuliwa na uchovu, mifupa dhaifu, au upungufu wa damu usiosikia vidonge vya madini ya chuma. Kwa kuwa dalili hizo hufanana na za minyoo na amiba, si ajabu mgonjwa akatibiwa maradhi mengine kwa miaka. Inakadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 100 duniani ana seliaki, na wengi wao hawajijui.

Chanzo chake kilibainishwa na daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, aliyeanza kuushuku mkate katika miaka ya 1930. Wakati wa njaa kali ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ulipoadimika nchini humo, wagonjwa wake walipata nafuu. Uliporejea, hali zao zikazorota. Mwaka 1950 aliwasilisha tasnifu kuhusu jambo hilo katika Chuo Kikuu cha Utrecht.

Uchunguzi huanza kwa kipimo cha damu kinachotafuta kingamwili maalumu, na mara nyingi hufuatiwa na kuchukua vipande vidogo vya utumbo ili vitazamwe kwa hadubini. Hapa ndipo wengi hujiponza: anayeacha ngano kabla ya kupimwa huweza kupata majibu ya kuwa mzima ilhali ni mgonjwa. Ndugu wa damu wa karibu wa mgonjwa nao hushauriwa kupima, hata kama hawana dalili.

Hakuna kidonge cha kuuponya. Tiba ni chakula kisicho na gluteni, siku zote, hata baada ya kupata nafuu. Kwa bahati njema, jiko la Afrika Mashariki halimnyimi mgonjwa shibe: ugali wa mahindi, mtama, ulezi au muhogo, wali, ndizi, viazi, maharage, samaki na nyama vyote ni salama. Vya kuepukwa ni mkate, chapati, maandazi, sambusa, tambi za ngano, biskuti na bia ya shayiri.

Ugumu uko kwenye vinavyojificha. Unga wa lishe wa uji huweza kuchanganywa na ngano. Sosi ya soya ya kawaida hutengenezwa kwa ngano. Mahindi husagwa kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano. Na chipsi hukaangwa katika mafuta yaliyokaangiwa maandazi. Chembe hizo zinatosha kuudhuru utumbo, hata pale mlaji asipohisi maumivu yoyote. Viwango vya kimataifa vya chakula huruhusu maneno "haina gluteni" kuandikwa pale tu kiasi chake kisipozidi miligramu 20 kwa kilo, hivyo anayenunua vya paketi hana budi kusoma maandishi kila mara.