Kivuli cha Asubuhi Mazinde

Ukisimama juu ya jabali la Irente, karibu na mji wa Lushoto, ardhi inakatika ghafla mbele ya miguu yako. Chini kabisa, kiasi cha mita 1,000, umelala uwanda wa Mazinde na mashamba yake ya mkonge, na ng'ambo yake nyika ya Wamasai inayopotelea katika ukungu. Kwa zaidi ya miaka kumi nilipanda hapo Jumamosi jioni, kamera begani, nikiamini kuwa ninaipiga picha nchi ile. Kumbe nilikuwa nikipiga picha ya saa moja tu ya nchi hiyo.

Kamera yenyewe ni Zenit-E, iliyotengenezwa Urusi enzi za Usovieti. Niliinunua mwaka 1981 kwa mwalimu mwenzangu, ikiwa imekwisha kutumika. Ina kipima mwanga kisichohitaji betri, kwani huendeshwa na mwanga wenyewe ukiangukia kwenye kipande cha seleni. Lakini seleni nayo huchoka kama macho ya mzee. Mwaka 1986 mshale wake uligoma kabisa, hata juani haukutikisika. Wenzangu walinishauri niitupe. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Nikabaki nayo, nikajifunza kupima mwanga kwa kuangalia vivuli. Kivuli chenye ukingo mkali, naweka tundu la lenzi kwenye 16 na kasi ya 1/125 kwa filamu ya ASA 100. Ukingo ukilegea, nafungua hatua moja. Kivuli kikififia, mbili. Kikipotea kabisa, tatu.

Filamu moja ilitoa picha 36, na kwa mshahara wa mwalimu wa miaka ile ilikuwa anasa. Kwa hiyo sikufyatua ovyo. Nilingoja saa kumi na moja na nusu jioni, jua linapoinama upande wa nyika na kuupiga uwanda kwa ubavu. Hapo kila mstari wa mkonge hujitokeza na kivuli chake, na shamba zima huonekana kama mkeka uliosukwa kwa dhahabu. Huku kwetu, karibu na Ikweta, magharibi haikawii. Jua likishazama, hupati hata nusu saa kabla giza halijaingia. Nilijivunia kuijua saa hiyo.

Picha iliyonipendeza kuliko zote nilimpelekea baba. Aliishika kwa ncha za vidole, akaitazama kwa muda mrefu.

"Hapa ni wapi, mwanangu?"

"Ni Mazinde, baba. Shambani ulikokuwa ukifanya kazi."

"Mbona hakuna watu?"

Nikamweleza kuwa kutoka juu kule mtu haonekani. Akatikisa kichwa. "Si kwa sababu ya umbali. Saa hii sisi tulikuwa tumekwisha kurudi kambini. Ukitaka kuiona Mazinde, nenda alfajiri, na usiende juu. Shuka chini."

Baba alikuwa manamba. Jina hilo walipewa vibarua wa mkonge kwa sababu kila mmoja alipofika alipewa namba. Yeye aliletwa kutoka Kigoma mwaka 1951 na SILABU, chombo cha kuandikisha vibarua kilichoundwa na wenye mashamba mwaka 1944. Kazi yake ilikuwa kukata majani na kuyafunga mafungu, majani 30 kila fungu. Asipotimiza idadi aliyopangiwa, siku yake haikuandikwa kwenye kipande, ile kadi iliyohesabu siku 30 za kazi. Ndiyo maana walianza kabla ya mapambazuko, ili wamalize jua halijawa kali.

Mkonge haukuwa wa kwetu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kiasi cha 1,000 kutoka Florida, nayo 62 tu ndiyo iliyopona safari. Mwaka 1905 reli kutoka Tanga ilifika Mombo, na mashamba yakaifuata chini ya milima. Mwaka 1964 Tanzania ilitoa karibu tani 230,000 za singa. Baadaye kamba za nailoni na plastiki zikaiangusha bei. Mashamba mengi yalitaifishwa mwaka 1967, mengine yakatelekezwa, na mwishoni mwa miaka ya 1990 mavuno ya nchi nzima hayakufika tani 30,000. Hayo yote nilikuwa nikiyafundisha darasani. Sikuwahi kumuuliza baba hata swali moja juu yake.

Tena alfajiri sikwenda. Nilimwambia kuwa mwanga hautoshi, kamera ni nzee, filamu ni ghali. Yote yalikuwa kweli, nayo yote yalikuwa visingizio. Baba alifariki mwaka 1994.

Nilishuka Julai 1996. Nililala Mombo, na saa kumi na moja alfajiri nilikuwa shambani na miguu mitatu ya kuwekea kamera. Sehemu kubwa ilikuwa imegeuka kichaka. Mikonge mizee ilikuwa imetoa milingoti yake na kukauka imesimama. Nilijifunza jambo ambalo kule juu lisingenijia: asubuhi jua huchomoza nyuma ya Usambara, kwa hiyo mlima hulaza kivuli chake juu ya uwanda. Anga yote ya nyika ilikuwa imekwisha kung'aa, na mimi bado nilikuwa gizani, umande ukinilowesha magoti. Katika kivuli hicho ndimo baba alimofanyia kazi. Mwiba wa ncha ya jani nilikuwa siuoni hadi uliponichoma.

Hapakuwa na kivuli cha kupimia. Niliweka kamera kwenye B, nikabonyeza, nikahesabu polepole hadi nne, nikaachia. Nilipiga picha tatu tu.

Moja ilitoka. Ni nyeusi karibu yote: ukuta wa mlima, ukingo wa mwanga juu yake, na milingoti michache. Wageni wakiiona ukutani huniuliza kwa nini nimetundika picha iliyoharibika, na ile ya dhahabu nimeiweka kabatini. Huwasogeza karibu, nikawaonyesha kidoa kidogo penye ukingo wa mwanga. Hilo ni jabali la Irente, mahali nilipozoea kusimama.