Nanasi, Nazi na Sukari: Historia Iliyomo Katika Keki

Mwalimu wa kikundi, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: NANASI, NAZI, SUKARI. Wanafunzi, yasomeni kwa sauti. Vema.

Leo tutazungumza juu ya keki inayopendwa siku za joto. Ladha yake imetokana na kinywaji kiitwacho piña colada. Ni kinywaji cha Puerto Rico, kisiwa cha bahari ya Karibi, mbali magharibi ya Afrika. Huchanganywa maji ya nanasi, tui zito lenye sukari, na pombe kali iitwayo ramu. Hoteli ya Caribe Hilton, mjini San Juan, husema kwamba mhudumu wake, Ramón Marrero, ndiye aliyekibuni mwaka 1954. Wengine hubisha. Lakini mwaka 1978 kilitangazwa kuwa kinywaji cha taifa la kisiwa hicho.

Je, vitu hivi vilikutanaje?

Nanasi asili yake ni Amerika ya Kusini. Columbus na watu wake walilikuta mwaka 1493 katika kisiwa cha Guadeloupe. Hata neno hili "nanasi" limetoka kwa wenyeji wa Amerika ya Kusini. Wareno walilichukua neno pamoja na tunda, wakavieneza mpaka pwani za Bahari ya Hindi.

Nazi ilisafiri kinyume chake. Zamani visiwa vya Karibi havikuwa na minazi. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498. Baada ya safari hizo Wareno walichukua nazi za Bahari ya Hindi, wakazipanda visiwa vya Cape Verde. Kutoka huko zikafika Puerto Rico katika karne ya 16. Mwaka 2011 wataalamu walitoa uchunguzi wao: minazi ya Karibi ni jamaa ya minazi ya Bahari ya Hindi. Basi mnazi wa kule na mnazi wa kwetu ni ndugu.

Sasa sukari. Columbus alipeleka miwa Karibi katika safari ile ile ya 1493. Shamba la miwa lataka mikono mingi. Wenyeji wengi walikufa kwa maradhi na kazi ngumu. Wakaletwa Waafrika, wamefungwa minyororo. Walikata miwa juani, wakapika sukari usiku na mchana. Yale maji mazito meusi yaliyobaki ndiyo yaliyochachushwa, yakatolewa ramu.

Utumwa ulikomeshwa Puerto Rico tarehe 22 Machi, 1873. Hata hivyo, waliofunguliwa walilazimishwa kufanya kazi kwa mkataba miaka 3 zaidi. Mwezi Juni mwaka huo huo, Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Lakini sheria ya kuondoa utumwa wenyewe Unguja na Pemba ilingoja mpaka 1897. Kumbukeni jambo hili: kufunga soko ni kitu kimoja, na kumpa mtu uhuru wake ni kitu kingine.

Mkitaka kuoka keki hii, pakeni sufuria mafuta, nyunyizeni sukari, pangeni vipande vya nanasi. Juu yake mimineni unga wa ngano uliochanganywa na hamira ya keki, mayai, sukari, tui zito na ndimu kidogo. Funikeni. Wekeni makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko. Ikiiva, ipindueni, nanasi liwe juu. Ramu si lazima. Ikipoa ileni siku hiyo hiyo, maana tui huharibika upesi wakati wa joto.

Sasa chukueni madaftari, mjibu maswali haya:

1. Neno "nanasi" limetoka wapi?
2. Nazi ilifikaje Puerto Rico?
3. Ni nani waliolima miwa ya Karibi, nao walilipwa nini?

Swali la tatu lizungumzeni pamoja kabla ya kuandika. Kwaherini mpaka somo lijalo.